Kitabu cha Siku ya Tatu

Leo nakupeleka mbali, kusini mwa China, jimbo la Hunan, wilaya ya Jiangyong. Ni nchi ya majabali na mashamba ya mpunga. Mto Xiao unapita baina ya vijiji, na ukivuka milima upande wa pili umeshaingia Guangxi. Huko ndiko wanawake walikokuwa na hati yao wenyewe, nüshu. Mama alimfundisha binti, shangazi akamfundisha mpwa, na wanaume hawamo.

Huenda umewahi kuisikia. Kama umeisikia, basi uliambiwa kwamba ni hati ya siri, iliyobuniwa na wanawake wanyonge ili waume zao wasijue wanachosema. Hadithi tamu hiyo. Inauza vitabu, inauza filamu, inawapeleka watalii kijijini. Mimi leo nimekuja kuipinga.

Tuanze na harusi. Binti wa Jiangyong wa miaka mia moja iliyopita hakuchagua mume. Wazazi na mshenga walimaliza maneno yote, naye akaozwa kijiji kingine kwa mtu ambaye pengine hajapata kumtia machoni. Kabla ya kuondoka, wenzake waliingia nyumbani kwao wakakaa naye, wakaimba, wakalia, wakaimba tena. Kisha akachukuliwa.

Siku ya tatu baada ya harusi, zawadi zilikuja kutoka kwao, na ndani ya zawadi hizo mlikuwa na kitabu. Kidogo tu, kimeshonwa kwa mkono, jalada lake ni kitambaa cha pamba kilichofumwa nyumbani, cheusi au bluu iliyokoza. Ukikifungua, kurasa chache zimejaa mashairi: mama anamlilia mwanawe, dada anamkumbusha walivyokuwa wakishona pamoja, rafiki anauliza nani atakayekaa naye sasa dirishani. Wanampa pole, wanampongeza, wanamwomba awe na subira kwa mavyaa. Baada ya hapo kurasa ni tupu. Hizo tupu ni za bi harusi mwenyewe. Akijaliwa nafasi ataandika yake. Asipojaliwa, humo atahifadhi nyuzi zake za kutarizi na karatasi za ruwaza za viatu, na kitabu kitakaa katika kapu la ushonaji maisha yake yote.

Sasa nisikilize vizuri. Kitabu hicho hakikufichwa. Wanawake wa kijiji cha mume walikusanyika kukitazama. Mwenye kujua kusoma alikighani kwa sauti, wasiojua wakasikiliza, na wakati huohuo bi harusi akawa anapimwa. Ana watu huyu? Wenzake wamesoma? Wanamthamini kiasi gani? Kitabu kizuri kilimpa heshima ugenini, kitabu hafifu kilimwaibisha. Niambie, msikilizaji, ni siri gani hiyo inayosomwa kwa sauti nyumbani kwa mume, siku ya tatu, mbele ya mavyaa?

Tena nüshu si lugha, ni hati. Lugha iliyoandikwa kwayo ni ileile ya pale kijijini, waliyoongea baba na kaka. Alama zake za msingi ni kama mia nne, kila moja ikisimama badala ya silabi. Kwa herufi za kawaida za Kichina mtu anahitaji maelfu ndipo asome gazeti. Kwa hiyo mwanamume yeyote wa Jiangyong akisomewa barua ya nüshu aliielewa neno kwa neno. Na kama angetaka kujifunza kuisoma, alama mia nne zisingemshinda mtu aliyekariri vitabu vya Confucius tangu utotoni. Hakutaka. Kwake yale yalikuwa maneno ya wanawake, nyimbo za kushona na kilio cha harusi, mambo yasiyomhusu mtu mwenye ndevu.

Upo ushahidi wa mwaka 1931. Ripoti ya uchunguzi wa wilaya za Hunan iliyochapishwa mwaka huo inataja hekalu moja la Jiangyong, mahali paitwapo Huashan. Inasimuliwa kwamba kina dada wawili walipanda mlimani kuchuma mitishamba wakafia huko, na watu wakawajengea hekalu. Kila mwaka, mwezi wa tano wa kalenda yao, wanawake kutoka vijiji vyote walifika kufukiza ubani, wakashika pepeo zenye mashairi na kuimba kwa sauti moja. Mwandishi wa ripoti aliyaona maandishi kwenye pepeo: madogo mno, yanayomkumbusha hati ya Wamongolia. Akaongeza kwamba hajapata kukutana na mwanamume wilayani humo anayeyajua. Mchana kweupe, hekaluni, wanawake makundi kwa makundi, pepeo mikononi! Hawakuwa wamejificha. Hakuna aliyekuwa akiwauliza.

Kwangu mimi hilo linauma kuliko hadithi ya siri. Anayeweka siri walau anajua kuna mtu anayeitafuta. Wanawake wa Jiangyong waliandika vizazi kwa vizazi kando ya waume zao, na waume wakaona ni aina ya taraza.

Nao taraza waliijua hasa. Binti wa nyumba yenye uwezo kidogo alifungwa miguu, na alipokaribia ujana alipandishwa ghorofani kukaa na kushona. Kwao waliitwa wasichana wa ghorofani. Mashamba yalilimwa na wanaume, ingawa usidhani kazi ya ndani ilikuwa nyepesi: kusokota, kufuma, kushona viatu vya ukoo mzima. Ila kazi hiyo ilifanyika kwa kukaa, na waliokaa walikuwa wengi chumba kimoja, na mikono inaposhona mdomo uko huru. Waliimba. Karibu kila kitu kilichoandikwa kwa nüshu ni wimbo, mistari mingi ikiwa na silabi saba saba, na msichana alijifunza hati kwa kufuatisha kwa macho wimbo ambao tayari anaujua kwa moyo.

Vifaa vilikuwa vya jikoni. Kijiti cha mwanzi kilichochongwa ncha, na wino wa masizi yaliyokwanguliwa chini ya karai. Ndiyo maana alama zake ni nyembamba, zimelala upande, zimekaa kama msharazi, na hazina ule unene na wembamba wa brashi ya wasomi. Nyingi ukizichunguza utaona ni herufi za Kichina zilizopindwa na kurefushwa. Wenyeji wakiziita miguu ya mbu. Ziliandikwa kutoka juu kwenda chini, mstari wa kwanza ukianzia kulia. Ziliandikwa kwenye karatasi, kwenye upepeo, kwenye leso, na wengine walizitarizi kwa uzi moja kwa moja juu ya kitambaa.

Haya, tuje kwenye urafiki wenyewe.

Jiangyong walikuwa na desturi ya udugu wa kuapa. Wa kwanza ni wa wawili, waliouita laotong: wasichana wa umri mmoja wanaofungwa pamoja kwa ahadi iliyokusudiwa kudumu. Wa pili ni wa kikundi, watatu, watano, hata saba, wanaojitangaza kuwa dada. Urafiki wa namna hii haukuzuka wenyewe kisimani. Ulikuwa na posa. Barua ilipelekwa, mara nyingi kwenye upepeo, ikisifu familia ya msichana yule, mikono yake katika kushona, tabia yake, na ikiomba awe mwenza. Mtu wa kati aliweza kutumwa, kama kwa mshenga wa ndoa. Wazazi walijua na walikubali, maana binti aliyepata mwenza mzuri alipata pia mwalimu wa mashono, mwalimu wa hati, na jina jema. Wakishakubaliana walitembeleana, wakalala kitanda kimoja siku za sikukuu. Mwezi wa nne kulikuwa na siku ambapo wasichana walikusanya vyakula wakala peke yao, kila mmoja na mchango wake.

Umeona? Kila kitu cha ndoa kimo: umri unalinganishwa, mtu wa kati anakwenda, barua inaandikwa, ahadi inatolewa. Kitu kimoja tu ni tofauti, na si kidogo. Katika ndoa binti aliombwa kwa baba yake. Katika udugu wa kuapa aliombwa yeye mwenyewe, kwa jina lake, kwa sifa zake. Huenda hiyo ndiyo barua pekee aliyoandikiwa maishani iliyomuuliza anataka nini.

Waandishi wa riwaya wameupamba udugu huu. Mwaka 2005 Lisa See wa Marekani alitoa riwaya yake *Snow Flower and the Secret Fan*, ikapendwa sana, na mwaka 2011 Wayne Wang akaitengenezea filamu. Simlaumu Lisa See. Bila kitabu hicho wengi wetu tusingeisikia Jiangyong kabisa. Lakini angalia jina lenyewe, lile neno la usiri, *Secret*, limewekwa mlangoni. Na msomaji anatoka na picha ya marafiki wawili ambao ndoa haikuweza kuwagusa.

Ndoa iliwagusa. Ukizisoma barua za siku ya tatu zilizohifadhiwa, kilio kinachorudi ni hiki: tulikuwa pamoja, sasa mmoja ametolewa. Desturi ya pale ilisaidia kidogo, kwa kuwa bi harusi alirejea kwao baada ya siku chache na kuendelea kukaa huko, akienda kwa mume nyakati za sikukuu, mpaka apate mimba. Mtoto akizaliwa, basi, amehama. Kuanzia hapo kuna mavyaa, kuna watoto, kuna miguu iliyofungwa na barabara ya mlimani. Vikundi vingi vililegea. Waliobaki dada walibaki kwa jasho lao: barua moja ikibebwa na mwanamke anayekwenda sokoni au hekaluni, jibu likirudi baada ya mavuno. Watu hawakuandika kwa sababu urafiki ulikuwa mtamu. Waliandika kwa sababu ulikuwa unakatwa.

Hebu tulinganishe na majirani zao wa kusini. Kule Shunde, jimbo la Guangdong, kwenye viwanda vya hariri vya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, walikuwako wanawake walioapa kutoolewa. Walifanya sherehe ya kufunga nywele zao wenyewe kama afanyavyo mke, kisha wakaishi pamoja na kuzeeka pamoja. Wao hawakuhitaji hati ya pekee. Walikuwa na mshahara. Hariri ilipoanguka miaka ya 1930, wengi walikwenda Singapore na Hong Kong kufanya kazi za nyumbani na kuendelea kutuma pesa kwao. Mwanamke mwenye mshahara wake aliweza kumwambia rafiki, njoo tukae. Mwanamke wa Jiangyong hakuwa na cha kumwambia rafiki ila maneno, kwa hiyo akayatunza maneno.

Na maneno hayo hayakuwa ya machozi matupu. Walijiandikia hadithi za zamani kwa mistari yao, ikiwamo ile ya Zhu Yingtai, msichana aliyevaa mavazi ya kiume ili aende shule. Nafikiria jinsi ilivyoimbwa katika chumba cha juu na wasichana ambao shule hawataiona! Waliandika juu ya vita vya Wajapani na vijana kuchukuliwa jeshini kwa nguvu. Wajane waliandika maisha yao yote tangu utoto, na asiyejua kuandika alikwenda kwa ajuaye akasimulia, mwenzake akaandika. Kwao ilikuwa aina ya utunzi yenye jina na kanuni, kueleza dhiki, na mtu mwenye dhiki aliheshimiwa kwa kuieleza vizuri.

Kwa nini basi maandishi ya zamani yamebaki machache? Kwa sababu ya mapenzi. Mwanamke alipofariki, maandishi aliyoyapenda yalichomwa au kuzikwa naye, akayasome huko aendako. Kisha ukaja mwaka 1949 na serikali mpya, na mabinti wakaingia shule na kufundishwa herufi za kawaida. Lazima tulitaje hilo kwa haki yake: kilichoiondolea nüshu kazi yake zaidi ya kitu chochote ni shule, na sidhani yuko bibi wa ghorofani ambaye angemkataza mjukuu wake asiende. Baadaye, wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, ikaitwa hati ya kichawi na karatasi nyingi zikatiwa moto.

Hapo ndipo anaingia mwanamume mmoja, Mzee Zhou Shuoyi, mwenyeji wa Jiangyong aliyezaliwa 1926. Alianza kukusanya nüshu miaka ya 1950 akifanya kazi ya utamaduni wilayani. Mwaka 1957 akabandikwa kisiasa jina la mtu wa mrengo wa kulia, na jina hilo akalibeba kwa zaidi ya miaka 20. Alipofutiwa alirudi palepale alipoachia, na mwaka 2003, karibu miaka 50 tangu aanze, akachapisha kamusi ya hati hiyo. Alifariki 2006. Nimemtaja kwa makusudi. Wanawake hawakumfukuza. Aliuliza, akafundishwa.

Ulimwengu wa wasomi ulishtuka baada ya 1982, mtafiti Gong Zhebing kutoka Wuhan alipofika Jiangyong na kuyaona maandishi. Wakati huo waliokuwa wanaandika kwa mazoea ya zamani walikuwa wanahesabika. Bibi Gao Yinxian wa kijiji cha Puwei, mmoja wa dada saba wa kiapo, alikuwa na umri wa miaka 80 hivi. Bibi Yi Nianhua alikuwa zaidi ya 70. Watafiti waliwaomba waandike, nao wakaandika mengi, na sehemu kubwa ya tunachokijua leo imetoka kwenye mikono hiyo. Bibi Gao alifariki 1990, Bibi Yi 1991. Akabaki Bibi Yang Huanyi, ambaye wataalamu waliyathamini sana maandishi yake kwa kuwa hakuwa amesoma Kichina cha shule, hivyo mkono wake haukuchanganya. Alifariki Septemba 2004, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90.

Wakati watu wanaandika taazia ya hati nzima, alikuwako mwingine. He Yanxin, aliyezaliwa miaka ya 1930 mwishoni, alifundishwa na bibi yake utotoni, na bibi huyo alimchorea alama kwenye kiganja cha mkono. Hakuna karatasi, hakuna wino: kidole juu ya kiganja, na wimbo. Alikua, akaolewa, akalea watoto, akanyamaza. Mpaka miaka ya 1990 watafiti walipomfikia ndipo akaanza kukumbuka na kuandika tena. Kama ni siri unaitafuta, msikilizaji, huyo ndiye mwenye siri, naye aliitunza baada ya wenzake wa kuandikiana kuwa hawapo.

Leo nüshu ina hadhi. Mwaka 2006 China iliingiza desturi zake katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mwaka 2017 alama 396 ziliingizwa katika Unicode, mfumo unaoziwezesha kompyuta na simu kuonyesha hati za dunia, kwa hiyo miguu ya mbu sasa inaweza kutumwa kwa simu. Puwei pana makumbusho, na Hu Meiyue, mjukuu wa Bibi Gao, ni miongoni mwa waliofundisha darasani pale. Wapo wanaouza pepeo, leso, na majina ya wageni yaliyoandikwa kwa nüshu. Filamu ya Violet Du Feng ya mwaka 2022, *Hidden Letters*, inaonyesha vizuri jinsi biashara ilivyoinyemelea hati hii, na jinsi vijana wa kike wa mjini wanavyoishika kwa sababu zao wenyewe, wakiwa na waume na wachumba wa kubishana nao.

Biashara sina ugomvi nayo. Kijiji kinapaswa kula. Ugomvi wangu ni na hilo la usiri, kwa sababu linawapa wanaume wa Jiangyong nafasi wasiyostahili. Linawaweka katikati ya kisa, eti kila mstari uliandikwa kwa kuwaogopa wao. Soma barua zenyewe, zipo zilizotafsiriwa, uone kama baba na mume ndio wanaosemeshwa. Anayesemeshwa ni dada aliye kijiji cha pili, na habari ni nani anaumwa, nani amezaa, viatu vimefika wapi, na utakuja lini.

Kwa hiyo ukikutana na upepeo huo dukani, au kwenye simu yako, na mtu akakuambia hii ni hati ya siri ya wanawake wa China, usimbishie sana. Muulize tu uliandikiwa nani. Kama hana jina la mtu, basi ameuziwa pambo.